Jiko Lililokamatwa

Mokeira alipanga foleni akiwa amebeba choo chake mwenyewe. Kilikuwa ndani ya mkebe mdogo wa plastiki wenye kifuniko chekundu, mkebe ndani ya mfuko wa unga, mfuko ndani ya mkoba wake wa kanisa, na bado aliona kana kwamba kila mtu kwenye lile benchi la zahanati alijua. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, saa moja na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa haujainuka kwenye mashamba ya chai na viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi soksi.

Mtu wa maabara alifungua dirisha dogo, akapokea mkebe kwa vidole viwili, akatazama jina.

"Wewe si nilikupima?"

"Ulinipima. Februari."

"Ulikuwa na shida?"

"Nilikuwa mzima. Cheti ulinipatia."

"Sasa umerudi kufanya nini?"

"Imeisha," Mokeira akasema. "Ya wapishi ni miezi sita tu. Leseni bado sijapata."

Yule kijana alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu, kama mtu anavyocheka asubuhi kabla ya kazi kumchosha. Mokeira hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, alikuwa amepeleka choo chake kupimwa mara mbili kwa mwaka mmoja ili aruhusiwe kuuza chapati, na alikuwa hajauza hata moja.

Miezi yote sita ilikuwa imeliwa na barua moja ya chifu, ya kuthibitisha kwamba anamjua, ambayo bila hiyo ofisi ya leseni haikupokei.

Alikuwa ameanza kwa haraka, haraka ya mtu aliyefutwa kazi. Januari kampuni iliwakusanya wachumaji wa chai mia mbili na kitu kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya wafanyakazi, meneja akawashukuru kwa utumishi wao, na wiki iliyofuata mashine zikaingia shambani, kila moja ikibebwa na wanaume wawili, zikanyoa kwa asubuhi moja kile ambacho wanawake thelathini walikuwa wakichuma kwa siku nzima. Mokeira alikuwa amechuma miaka kumi na saba. Malipo yake ya mwisho aliyapeleka yote kwa Makori, fundi wa kuchomelea vyuma pale Kapsoit, naye akamtengenezea jiko la magurudumu: kibanda cha mabati juu ya ekseli ya gari, dirisha linalofunguka kwenda juu, sinki, tangi la maji, meko mawili ya gesi, na ndoano ya kuvutwa na tuktuk. Makori alilipaka rangi ya kijani na kuandika ubavuni, kwa herufi zilizopinda kidogo, KWA MAMA BITUTU. Mokeira alilia alipoliona. Hakuwahi kumiliki kitu kilichoandikwa jina la mwanawe.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Nyumba ya kambi ni ya mtu mwenye kazi. Kampuni iliwapa waliofutwa hadi tarehe thelathini na moja Agosti kurudisha funguo. Kufikia siku hiyo jiko lazima liwe linafanya kazi, liwe limelipa chumba kimoja pale senta ya maduka ya Kaplelmet, yeye na Bitutu wapate mlango wa kufunga. Na chakula kingenunuliwa, hilo alilijua kwa tumbo lake mwenyewe. Kwenye vituo vya kununulia majani wakulima hufika na magunia yao saa nne, lori la kiwanda huweza kufika saa kumi, na katikati hapo hakuna hata chai ya kunywa, watu waliozungukwa na chai pande zote.

Lakini chifu aliuliza swali.

"Nyumbani kwenu ni wapi?"

"Ni hapa, chifu. Nilizaliwa hapa kambini. Baba alikuja kuchuma hapa kama bado ni kijana."

"Sijauliza ulizaliwa wapi. Nimeuliza nyumbani."

Chifu alikuwa ameshika kitambulisho cha Mokeira akikigeuza. Nyuma kulikuwa na jina la lokesheni ya baba yake, eneo la chifu mwingine ng'ambo ya milima, mahali Mokeira alipokwenda mara tatu maishani, mara zote kuzika.

"Unaona? Chifu wako ako huku. Yeye ndiye anakujua. Mimi nikiandika nakujua, kesho kukitokea kitu nitasema nini?"

Akaenda ng'ambo ya milima. Chifu wa huko alikuwa kijana mpole, akamkaribisha kiti.

"Mama, nitaandika aje nakujua na ni leo nakuona? Niletee wazee wawili wenye walijua baba yako."

Wazee waliomjua baba yake walikuwa makaburini, isipokuwa mmoja aliyekuwa Nakuru kwa binti yake, na huyo alikuja kupatikana Juni; yule chifu kijana akamkubali peke yake. Barua ya ng'ambo ilipofika, chifu wa hapa aliiweka kando akasema atamwita. Hakumwita. Mwishowe Chepkemboi ndiye aliyemaliza. Walikuwa wamechuma pamoja miaka mingi, kikapu kwa kikapu, kabla Chepkemboi hajarithi kipande cha shamba kando ya kituo cha majani na kuacha kazi ya kampuni. Alikwenda na Mokeira, akaketi ofisini kwa chifu, akatoa kitambaa chake cha kushona. Saa mbili baadaye alimwambia chifu kwa Kikipsigis, lugha ambayo Mokeira aliielewa vizuri kuliko chifu alivyodhani, "Kama huyu si wa hapa, basi na wewe uniambie mimi ni wa wapi, kwa sababu watoto wangu wamenyonya kwake na wake kwangu." Chifu aliandika barua. Ilikuwa mistari minne.

Siku ile ile cheti cha kupimwa kilikuwa kimebakiza siku tisa.

*

Ofisi ya leseni ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye yadi nyuma, yadi ya magari mabovu na vitu vilivyokamatwa: mikokoteni, miamvuli, meza za wauza nyanya. Karani aliitwa Velma, msichana mwenye sauti ya chini, na mfumo wa kompyuta ndio uliokuwa mkubwa wake.

"Ploti namba?"

"Haina ploti, mami. Iko na magurudumu."

"Mfumo haiwezi kubali bila ploti."

"Lakini hiyo leseni si ni ya jiko ya kutembea? Sasa itatembea na ploti?"

"Mama, unaona hapa hii nyota nyekundu? Bila kuandika kitu hapo, haiendi mbele. Hata mimi siwezi."

Ni Chepkemboi tena aliyeleta hati ya shamba lake, na jiko la magurudumu likaandikishwa kama jengo la kudumu. Kisha wakataka choo. Mokeira akaleta barua ya kamati ya kituo cha majani kwamba atatumia choo chao. Kamati nao waliandika sharti moja, asikaange samaki, kwa sababu majani mabichi hunywa harufu na kiwanda kikisikia samaki kinarudisha lori zima. Mokeira alitia sahihi bila kusita. Miaka kumi na saba alikuwa haendi shambani hata na mafuta ya nywele yenye harufu. Kisha wakataka cheti cha moto, akanunua mtungi wa kuzimia moto ulio mwekundu kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Kisha cheti kipya cha maabara. Kikabaki kitu kimoja.

"Ukaguzi ya afya," Velma akasema. "Daktari akague hiyo jiko, aandike imepita. Basi."

"Atakuja lini?"

"Hana gari."

"Nitalipa tuktuk imlete, na imrudishe."

Velma alitazama mlango wa ofisi ya ndani kabla ya kujibu.

"Mama, hawezi panda tuktuk. Ni afisa."

Nje, kwenye ngazi, Zack alikuwa akimngoja. Kila mtu aliyewahi kutafuta karatasi pale alimjua Zack: kijana wa kambini pia, mama yake alikuwa akiimba soprano na Mokeira, koti safi, faili kwapani, hana ofisi na hakosi ofisini.

"Auntie, unajisumbua bure. Si uniachie hiyo file? Jioni leseni iko. Daktari mwenyewe hatahitaji hata kuiona hiyo kitu."

"Na ukaguzi?"

"Ndio hiyo nakwambia. Inapita ikiwa tu hapo kwa karatasi."

"Zack, hiyo jiko ni safi. Iko safi kuliko ya mamako. Mimi nataka aione."

Zack alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuudhi Mokeira kuliko kitu kingine chochote alichoambiwa mwaka huo.

"Sawa, auntie. Lakini usiseme sikukwambia."

*

Kosa lilikuwa la maombi.

Hakuna mtu kanisani kwao aliyewahi kufungua hata duka la sabuni bila kuliombea. Mzee Onchiri, mzee wa kanisa, alikuwa akienda makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, wiki iliyofuata na angekaa huko siku nane. Ukaguzi ulikuwa hauna tarehe. Mokeira alipiga moyo konde: maombi si biashara. Atapika, watu wataombea jiko, watakula bure, na daktari akija siku yoyote atakuta limekwisha kubarikiwa. Aliosha jiko lote kwa maji moto na sabuni, akalisugua sinki hadi akaona uso wake ndani, na Alhamisi saa tano, siku ya majani, tuktuk ikalivuta hadi kituoni, upande unakoelekea upepo kutoka kituoni, harufu isije ikaelekea kwenye majani.

Ilikuwa siku nzuri. Ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu baadaye hata yeye alilisahau. Wakulima waliacha meza za kuchambulia majani wakasogea. Chepkemboi alileta maziwa ya mala kwenye kibuyu. Bitutu, aliyekuwa likizo, aligawa chapati na maharagwe kwenye sahani. Mzee Onchiri aliweka mkono juu ya mabati, akaomba kwa Kiswahili ili wote waelewe, aliombea gesi, aliombea maji, aliwaombea na maafisa wa serikali wapewe macho ya kuona. Kisha wanawake wa kanisa wakaanza kuimba, na mmoja, kama ilivyo desturi, akaweka beseni la buluu kwenye dirisha la jiko.

Wakapita mmoja mmoja, wakicheza kidogo, kila mtu akitia alichonacho, ya kumshika mkono dada yao. Hata wakulima wasiokuwa wa kanisa lile walitia. Mtu anakula, anafuta mkono, anapita mbele ya beseni. Hivyo ndivyo walivyofungua kibanda cha kinyozi cha Nyamweya na hivyo ndivyo walivyomfungulia Jentrix cherehani. Mokeira alisimama ndani ya dirisha na aproni yake nyeupe, machozi yanamtoka, anasema asante, asante, Mungu awabariki, anaongeza chapati.

Ng'ambo ya barabara Zack alikuwa ameegemea pikipiki, simu mkononi. Mokeira alimpungia aje ale. Alitikisa kichwa.

Gari la kaunti lilifika kabla ya lori la majani. Waliteremka askari watatu wenye sare, mbele Kipyegon, mrefu, ambaye Mokeira alimjua kwa sura kwa sababu alikuwa akimwona mlangoni pa ofisi kila wiki.

"Mwenye hii biashara ni nani?"

"Si biashara, afande. Ni maombi."

"Leseni iko?"

"Iko ofisini, imebaki tu ukaguzi. Muulize Velma. Karatasi zote ziko. Leo ni maombi, tunakula bure."

"Bure." Kipyegon akageukia lile beseni. "Na hii?"

"Hiyo ni sadaka."

"Mama, usinifanye mtoto." Akatoa simu yake, akamwonyesha. Kwenye kioo kidogo Mokeira alijiona akiwa dirishani, akimpa mwanamke sahani, na mwanamke yule, baada ya muda ambao simu haikuuonyesha wote, akitia noti kwenye beseni. "Anachukua chapati, anaweka mia. Anachukua, anaweka. Hiyo kwenu inaitwa sadaka? Kwetu inaitwa kuuza."

"Hata wewe unajua maombi, afande. Wewe si unaenda kanisa?"

"Niko kazini."

Mzee Onchiri alisogea na Biblia yake. Alizungumza kwa heshima, akamwita mwanangu, akaeleza desturi ya kanisa tangu mwanzo. Kipyegon alimsikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Mzee, mimi sina ubaya na wewe. Huyu mama akienda ofisini na leseni, atapewa jiko yake hiyo dakika."

Wakalifunga jiko kwenye gari la kaunti. Chepkemboi alijirusha mbele ya magurudumu akiwatukana kwa lugha ya mama yake, wanawake wakamvuta. Beseni nalo likachukuliwa, pamoja na kilichokuwa ndani, na askari mmoja akalifunga kipande cha kadibodi kwa uzi: KIELELEZO. Bitutu alibaki barabarani ameshika sahani ambayo mtu alikuwa hajaimaliza. Wakulima walirudi kwenye meza zao, kwa sababu lori lilikuwa limesikika likipanda mlima, na lori halimngojei mtu.

*

Mokeira alienda ofisini kesho yake, na Jumatatu, na Jumanne, na Alhamisi. Leseni haingetoka bila ukaguzi, na jiko halingetoka bila leseni. Kila siku aliketi kwenye lile benchi la ukutani na faili lake magotini. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka kwa kuongea vizuri. Hicho ndicho kilichomchosha, kuongea vizuri: kuita kila mtu mkubwa, kucheka mzaha wa mlinzi, kutoonyesha uso. Alikuwa na hasira kiasi kwamba usingizini meno yake yalisagana, Bitutu alimwambia.

Siku moja mkuu wa leseni, Bwana Kipkirui, alipita akielekea chai, akasimama mbele yake.

"Mama, wewe ndiye wa ile trela? Si ukaguliwe tu hapa hapa? Jiko iko kwa yadi. Daktari hahitaji gari kufika yadi."

Alisema kama mtu anayemfanyia mtoto hesabu rahisi. Mokeira alisimama, akamshukuru mara tatu. Ilikuwa kweli. Gari ndilo lililokuwa limemzuia daktari, na sasa jiko lenyewe lilikuwa limeletwa mlangoni pake. Usiku ule alimwambia Bitutu labda Mzee Onchiri aliombea kitu bila wao kukielewa, labda kukamatwa ndiyo ilikuwa njia.

Daktari wa afya alipatikana Jumatano, tarehe ishirini na nane. Alikuwa Bwana Sagini, mtu wa makamo mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Aliposoma jina kwenye faili aliinua macho, akamwamkia kwa Kigusii.

"Bwakire, mama."

"Bwakire, daktari," Mokeira akajibu. Lugha ya baba yake ilikuwa haijawahi kumsaidia katika ofisi yoyote.

Daktari alipitia karatasi moja moja. Barua ya chifu, ndiyo. Ploti, ndiyo. Moto, ndiyo. Cheti cha maabara, kipya kabisa, vizuri sana. "Umejipanga," akasema. "Wengi hawajipangi hivi." Akachukua ubao wake wa kuandikia, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Mokeira alitembea hatua moja nyuma yake na kichwani aliona lile sinki alilolisugua hadi akajiona uso. Kesho anafungua. Ijumaa wanahama. Jumamosi, Sabato, anapumzika.

Walizunguka mkokoteni uliopinduliwa, akaliona jiko lake.

Dirisha lilikuwa limeinuliwa na kushikiliwa na kijiti. Chini yake kulikuwa na benchi ambalo Mokeira hakulijua, na chini ya benchi maganda ya mayai yaliyokanyagwa. Ubavuni masizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye jina la Bitutu. Ndani, mafuta yalikuwa yamemwagika kwenye meko, yakakauka, yakamwagiwa mengine juu. Sufuria zake mbili zilikuwa na maji machafu. Kwenye sinki, yakiwa yamegandamana kwenye tundu la maji, kulikuwa na magamba ya samaki.

Daktari Sagini alitazama. Akachukua kalamu ya kati.

"Meko, mafuta," akasema taratibu, akiandika. "Kuta, masizi. Sinki imeziba."

"Daktari, si mimi."

"Mm."

"Jiko iko hapa siku kumi na tatu. Mimi sijaifungua tangu ichukuliwe. Niliiacha safi, uliza mtu yeyote wa Kaplelmet. Mimi hata samaki sikaangi, nimetia sahihi kwa kamati, tazama, barua iko hapo kwa file."

"Mama, sijauliza nani alipika. Fomu inauliza hali ya jiko."

"Lakini wewe unaona ni watu wa hapa!"

"Mimi naona jiko." Aligeuza karatasi. "Na taka chini. Hawa samaki wa juzi, vyombo vingeoshwa siku hiyo hiyo, singekuwa na la kuandika. Vijana ni wavivu, wakishakula basi."

Kalamu ilisimama. Mokeira naye alisimama. Kwa muda mfupi wote wawili walitazama yale magamba, na shingo ya daktari ikabadilika rangi juu ya kola yake.

"Walikuwa watamu?" Mokeira akauliza.

Daktari alitia sahihi, akachana nakala ya rangi ya waridi, akampa. Juu kulikuwa na jina lake, Esnah Mokeira, mwenye jengo, na chini, kwenye kisanduku cha mwisho, neno moja la mwandiko mzuri: HALIJAPITA.

"Ukaguzi wa pili ni baada ya siku kumi na nne."

"Niioshe sasa. Nipatie saa moja tu, daktari. Utaikuta kama kioo."

"Osha, hiyo ni vizuri. Lakini siku kumi na nne ni za mfumo, si zangu."

"Ijumaa narudisha funguo ya nyumba."

"Pole sana, mama," akasema, na kwa Kigusii tena akaongeza Mungu yupo, akaenda zake akipita mbali na maganda ya mayai.

Mokeira alibaki na karatasi ya waridi mkononi. Angeweza kupiga kelele. Pale yadini nani angemsikia. Angeweza kwenda kwa Zack, aliyekuwa pale ngazini wakati huo huo na faili lake, na kumwambia alikuwa amesema kweli. Alifikiria hata kulitia jiko moto, na ule mtungi mwekundu wa kuzimia aukalie pembeni. Badala yake alivua koti lake la kanisa, akalikunja, akaliweka juu ya mkokoteni. Mikono yake ilikuwa imezoea kuanza kazi kabla ya akili kuamua. Akapanda ndani, akapata kipande cha gunia, akafungua bomba. Tangi lilikuwa na maji kidogo. Akaanza na sinki, akitoa magamba kwa kucha, moja moja, akiyaweka kwenye nakala ya waridi kwa sababu hakuona mahali pengine pa kuyaweka.

Akawasha meko apate maji moto. Gesi aliyoinunua na ambayo hakuwahi kuipikia biashara ilitoa mluzi, ikatoa moto wa buluu mdogo, ukatikisika, ukafa. Akautikisa mtungi wa gesi. Ulikuwa mwepesi kabisa.

Alisikia sauti nje, akainua kichwa. Saa nne, saa ya chai, ilikuwa imefika. Mlango wa nyuma wa ofisi ulikuwa wazi na watu walikuwa wakitoka wakizungumza, vikombe mikononi. Velma alikuwa na chupa yake ya chai. Mlinzi wa geti. Makarani wawili wa mapato. Walimwona na kipande cha gunia mkononi, jasho usoni, ndani ya dirisha, wakajipanga foleni bila kuambiwa. Velma peke yake ndiye aliyemtambua. Aliangalia chini, lakini hakutoka kwenye mstari.

Wa kwanza alikuwa Kipyegon. Alikuwa amevua kofia.

"Afadhali wametuletea mpishi," akawaambia walio nyuma, kisha akageuka. "Mama, chai iko tayari?"

Mokeira alimtazama. Kipyegon hakumkumbuka, Mokeira aliona hilo machoni pake, alikuwa hamkumbuki hata kidogo. Kwenye kizingiti cha dirisha, kati yao, kulikuwa na lile beseni la buluu, uzi na kadibodi yake bado vimefungwa ukingoni, na ndani sarafu chache ambazo hazikuwa za maombi.

Kipyegon alipapasa mfukoni, akapata shilingi ishirini, akaitupa humo. Ililia ikazunguka, ikatulia.

"Ya chai," akasema, na akanyoosha kikombe.